Utitiri katika Marigoldi: Kutambua Kabla ya Kutibu

Mwese, katika nyanda za juu za Mkoa wa Katavi, hupata mvua kuanzia Novemba hadi Aprili. Miezi iliyobaki ni ya kiangazi. Mnamo Septemba na Oktoba joto huongezeka na vumbi hutanda juu ya mimea. Wakati huo marigoldi za bustanini huweza kudhoofika ghafula: majani huingia vidoadoa vyeupe, hugeuka manjano, kisha hukauka kana kwamba yamebabuliwa na moto.

Watu wengi hudhani kwamba mmea umekosa maji. Wengine huunyunyizia dawa yoyote ya wadudu iliyo karibu. Katika hali zote mbili tiba imetangulia uchunguzi, na mara nyingi madhara huzidi.

Dalili na visababishi

Kila mharibifu huacha alama yake. Miche iliyokatwa usiku karibu na udongo ni kazi ya sota. Majani yenye matundu, pamoja na njia ya ute unaong'aa, huonyesha konokono. Machipukizi yaliyojikunja na kunata, huku sisimizi wakipanda na kushuka, huonyesha vidukari. Vidoadoa vyeupe pamoja na utando mwembamba chini ya jani huonyesha utitiri.

Ili kuhakikisha, jani lishikwe juu ya karatasi nyeupe na kugongwa taratibu. Nukta zinazoanza kutembea zitazamwe kwa lenzi. Utitiri mzima ana urefu wa karibu nusu milimita na miguu minane. Kwa hiyo yeye si mdudu halisi, bali ni jamaa ya buibui. Hutoboa seli za jani na kufyonza yaliyomo, pamoja na klorofili. Ndiyo sababu ya vidoa vyeupe.

Kwa nini huongezeka upesi

Jike moja huweza kutaga mayai yapatayo 100, na penye joto la nyuzi 30 za sentigredi kizazi kimoja hukamilika kwa muda wa siku 10 hivi. Tuseme kwamba majike 50 hukua kutokana na kila jike. Baada ya vizazi vitatu, yaani mwezi mmoja, jike mmoja atakuwa na vitukuu majike 50 × 50 × 50, yaani 125,000. Hesabu hii ni ya nadharia, kwa kuwa katika maumbile wengi huliwa na maadui wao, kama vile utitiri walaji na wadudu kibibi.

Hapo ndipo ilipo hatari ya dawa isiyochaguliwa. Dawa nyingi za wadudu huwaua maadui hao na kuwaacha utitiri, ambao huongezeka bila kizuizi. Tena, utitiri wa marigoldi hushambulia maharage na nyanya pia. Kosa lililofanywa katika ua laweza kuishia katika chakula cha familia.

Tiba

1. Majani yaliyoharibika sana yang'olewe na kuchomwa moto.
2. Sehemu ya chini ya majani ioshwe kwa maji yenye nguvu kila baada ya siku mbili au tatu. Maji huwaangusha utitiri na kuondoa vumbi.
3. Wakizidi, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kichanganywe katika lita moja ya maji. Kwanza dawa hiyo ijaribiwe juu ya majani machache. Baada ya siku moja, kama hayakuungua, mmea wote unyunyiziwe jioni.
4. Unyunyizaji urudiwe baada ya siku tano hadi saba, kwa kuwa mayai hayafi kwa urahisi.

Yafaa kukumbuka kwamba mizizi ya marigoldi hutoa kemikali zinazodhuru minyoo fundo ya udongoni, na kwa sababu hiyo wakulima huipanda karibu na mboga. Lakini sifa ya mzizi si kinga ya jani: mmea unaomlinda jirani yake chini ya ardhi waweza kumlea adui wake juu ya ardhi.

Maswali

1. Eleza kwa nini mmea ulioshambuliwa na utitiri hudhoofika hata ukimwagiliwa maji ya kutosha.
2. Hesabu utitiri katika majani kumi kabla ya kuosha na siku tatu baadaye. Kwa nini majani mengine kumi yaachwe bila kuoshwa?