Mtaa na Uzito wa Mwili

Mtahiniwa, ukiulizwa kwa nini watu hunenepa kupita kiasi, usiishie kwenye ulafi na uvivu. Mtaa nao huchangia. Pasipo na njia salama za kutembea wala viwanja vya michezo, watu hukosa mazoezi. Penye chipsi na soda kila kona, huku soko la mboga liko mbali, watu hula kilicho karibu.

Je, tunajuaje kuwa ni mtaa wenyewe, si hali za waliouchagua? Chukua mfano wa Marekani. Kati ya 1994 na 1998, familia maskini katika majiji 5, yakiwemo Boston na Chicago, zilipigiwa kura. Baadhi zilipewa hati za kusaidia kodi ya nyumba kwa sharti la kuhamia mtaa wenye maskini wachache; nyingine hazikupewa chochote. Baada ya miaka 10 hadi 15, unene uliokithiri na kisukari vilikuwa vichache zaidi kwa wanawake waliopewa hati hizo. Kwa kuwa kura ndiyo iliyogawa makundi, tofauti hiyo haikutokana na hali zao za awali.

Zingatia: Utafiti huo haukubainisha ni kitu gani hasa mtaani kilicholeta nafuu. Kwa hiyo andika “mtaa huchangia”, wala si “mtaa pekee husababisha”.

Jipime: Taja mambo 2 ya mtaani kwako yanayoathiri uzito wa wakazi. Eleza jinsi kila moja linavyofanya hivyo.