Mwenye Akili Ni Nani?

Wanafunzi wenzetu, kila mara buletini zinapogawanywa tunasikia: "Huyu iko na akili, ule hapana." Tunatazama asilimia, basi kesi imekwisha. Sisi wa sekisio ya pedagogia tumesoma habari za kupima akili, na tumeona jambo hili si nyepesi namna hiyo.

Kipimo cha kwanza kilitengenezwa na Wafaransa wawili, Alfred Binet na Théodore Simon, mwaka 1905 huko Paris. Binet alitaka kujua watoto gani wanahitaji kusaidiwa. Hakutaka kumpa mutoto namba ya kubaki nayo maisha yote. Wengine ndio waligeuza kazi yake. Katika Marekani, Lewis Terman alianza mwaka 1921 kuchagua watoto zaidi ya 1.500 wenye pointi nyingi. William Shockley na Luis Alvarez walipimwa pia, wakaachwa. Wote wawili walipata zawadi ya Nobel ya fizika, mmoja 1956, mwingine 1968. Katika wale waliochaguliwa, hata mmoja hakuipata!

Mfano wa karibu ni wa Kenya. Kwa Waluo, akili si rieko tu, maana yake maarifa. Wanahesabu pia luoro, ndiyo heshima. Kule Usenge, Robert Sternberg na wenzake walipima watoto 85 juu ya dawa za miti, wakatoa habari hiyo mwaka 2001. Wale waliojua dawa sana, mara nyingi ndio walikuwa chini katika maneno ya Kiingereza. Walifunzwa kitu kingine nyumbani.

Na hapa kwetu? Mwenzetu mmoja wa upande wa Kabambare anauzisha mafuta ya mawese pamoja na mama yake. Anahesabu deni za watu kumi kichwani, bila kalamu. Hesabu ile ile ikiandikwa kwa Kifaransa, anapata 3 juu ya 10. Tunakiri, sisi wenyewe tulimucheka. Hatusemi Kifaransa kiachwe: Egzamen ya Serikali inataka 50%, nayo inafanywa kwa Kifaransa. Lakini yule anakosa luga, hakosi hesabu, na dawa ya kukosa luga inajulikana.

Maulizo kwa vikundi, Jumamosi:
Katika Matayo 25, mwenye talanta mbili alisifiwa namna gani, ukilinganisha na mwenye tano?
Katika kilasi yako, nani anajua kitu ambacho buletini haina mustari wake? Ni kitu gani?
Nani atakaa na mwenzetu yule, saa moja kila juma, kusoma maulizo ya hesabu kwa Kifaransa?