JE, WATU WA MAREKANI WAMEZIDI KUTAJIRIKA KULIKO ZAMANI?

Swali hili laulizwa mara nyingi, na mara nyingi lajibiwa kwa haraka: je, Mmarekani wa kawaida leo ana mali kuliko baba yake na babu yake? Wako wasemao kwamba ndiyo, nao huonyesha motokaa mbili zilizosimama mbele ya nyumba moja. Wako wasemao la, nao hukumbusha kwamba katika mwaka 1950 fundi wa kiwandani aliweza kununua nyumba na kulisha mke na watoto kwa mshahara wake peke yake. Pande zote mbili zina ukweli ndani yake. Kwa hiyo yafaa tulipime swali lenyewe kabla ya kulijibu.

Jambo la kwanza ni kwamba mapato si mali. Mapato ni kama maji yaingiayo katika tangi. Mali ni maji yaliyomo ndani, baada ya kutoa yale yaliyo ya watu wengine, yaani madeni. Mtu aweza kupokea mshahara mnene kila mwezi na asiwe na mali yo yote, kwa kuwa yote yapita na kwenda zake.

Jambo la pili ni neno wastani, ambalo limewadanganya watu wengi wenye akili. Chukua wafugaji kumi. Tisa wana ng'ombe wawili wawili, na wa kumi ana ng'ombe 82. Jumla yao ni ng'ombe 100, na wastani wao ni ng'ombe kumi kwa kila mtu. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa, walakini hapana hata mmoja wao aliye na ng'ombe kumi zizini. Kwa sababu hiyo wataalamu hupenda kuwapanga watu katika mstari, kuanzia maskini hata tajiri, kisha kumtazama yule aliyesimama katikati. Huyo ndiye twamtafuta hapa.

Basi tuanze na mapato. Kwa hesabu za Serikali ya Marekani, jamaa iliyosimama katikati ya mstari ilipata dola 3,319 katika mwaka 1950. Katika mwaka 2023 jamaa ya katikati ilipata kama dola 100,000. Msomaji asishangilie mapema, maana bei za vitu nazo zimepanda: kitu kilichonunuliwa kwa dola moja mwaka 1950 kilitaka dola 12 na nusu hivi mwaka 2023. Kwa hiyo dola 3,319 za zamani ni sawa na dola 42,000 hivi za mwaka 2023. Hata baada ya kuipunguza hesabu namna hiyo, mapato yamezidi mara mbili.

Lakini hayakupanda kwa mwendo mmoja. Kutoka mwaka 1947 mpaka 1973 yalifikia karibu maradufu, na jamaa maskini walipanda pamoja na matajiri. Katika miaka 50 iliyofuata, kwa kipimo kile kile cha bei, yaliongezeka kwa robo tu au pungufu kidogo. Wako wataalamu wanaotumia kipimo kingine cha bei, nao hupata nyongeza iliyo kubwa zaidi; ubishi wao haujakwisha, na si ajabu, kwa kuwa ni vigumu kulinganisha redio ya mwaka 1950 na simu ya mfukoni ya leo. Lisilobishaniwa ni kwamba mwendo ulipungua.

Tena sharti tuulize ni mikono mingapi iliyoleta fedha hizo nyumbani. Mwaka 1950 wanawake 34 hivi katika kila 100 walikuwa na kazi ya mshahara au walikuwa wakiitafuta. Mwaka 1999 walifika 60. Sehemu kubwa ya nyongeza ya mapato ni jasho la mke aliyekwenda kazini, na nyumba ambayo zamani ililelewa mchana kutwa na mama sasa yampasa kumlipa mtu wa kuwatunza watoto. Mtu akisema kwamba mshahara mmoja ulitosha zamani, hasemi uongo. Walakini na atazame vilevile ulitosha kununua nini.

Hesabu ya watu na nyumba ya mwaka 1950 yaonyesha kwamba kama nyumba 35 katika kila 100 nchini Marekani hazikuwa na vyombo kamili vya maji, yaani maji ya bomba ya moto na ya baridi, choo cha kuvuta maji, na mahali pa kuogea, vyote ndani ya nyumba. Naam, katika nchi ile ile yenye majumba marefu ya New York, mamilioni ya watu walikuwa wakiteka maji nje na kwenda chooni uani. Leo nyumba za namna hiyo ni chache sana. Nyumba mpya ya mwaka 1950 kwa wastani ilikuwa na eneo lililopungua futi 1,000 za mraba. Zijengwazo siku hizi zapita futi 2,000, ijapokuwa watu wakaao ndani wamepungua.

Chakula nacho kimekuwa rahisi. Mwaka 1960 Wamarekani walitumia kama dola 17 katika kila dola 100 walizobakiwa nazo baada ya kodi kwa kununua chakula. Mwaka 2023 walitumia 11 hivi. Kinyume chake, gharama za uganga na za elimu ya juu zimepanda kupita kiasi. Bima ya matibabu ya jamaa moja iliyopatikana kazini iligharimu karibu dola 24,000 kwa mwaka 2023, ingawa sehemu kubwa hulipwa na mwajiri. Yaani vitu vya dukani vimeshuka, na vile ambavyo mtu hawezi kuviepuka anapougua au anapompeleka mtoto chuoni vimepanda.

Sasa tuje kwenye mali yenyewe. Benki Kuu ya Marekani huchunguza jambo hili kila baada ya miaka mitatu. Mwaka 2022 nyumba ya katikati ilikuwa na mali ya dola 192,900 baada ya kutoa madeni. Wastani ulikuwa dola 1,063,700! Hapa twamwona tena yule mwenye ng'ombe 82. Mali hiyo yaweza pia kuyeyuka upesi: kati ya mwaka 2007 na 2010, bei za nyumba zilipoanguka, mali ya jamaa ya katikati ilishuka kutoka dola 126,400 hata dola 77,300.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo, jamaa ya katikati imetajirika. Lakini mali yake nyingi ni nyumba ikaayo, na nyumba ikipanda bei haiongezi hata chumba kimoja. Humfaa aliyekwisha kuinunua, na humzuia kijana asiyeinunua bado. Mwaka 1950 nyumba ya katikati ilikadiriwa dola 7,354, sawa na mapato ya jamaa ya katikati ya miaka miwili na kidogo. Mwaka 2023 ilipita dola 300,000, yaani mapato ya miaka mitatu na zaidi.

Ndipo mtu aulize: nani aliruhusiwa kununua wakati zilipokuwa rahisi? Baada ya vita, kampuni ya William Levitt ilijenga nyumba zaidi ya 17,000 huko Levittown, katika kisiwa cha Long Island. Mwaka 1949 nyumba ya vyumba viwili vya kulala iliuzwa kwa dola 7,990, pamoja na jiko, friji na mashine ya kufulia nguo. Askari waliorudi vitani walikopeshwa kwa dhamana ya Serikali, kufuatana na sheria ya mwaka 1944. Lakini askari Mweusi, aliyepigana vita ile ile, hakuuziwa. Mikataba ya kwanza iliandikwa wazi kwamba asiye wa asili ya Kizungu asikae humo, isipokuwa mtumishi wa nyumbani. Sheria ya kukataza ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba haikupitishwa mpaka mwaka 1968.

Wazee wengi walionunua nyumba za namna hiyo wamekwisha kufa, na watoto wao wamerithi. Katika uchunguzi wa mwaka 2022, jamaa ya katikati ya Wazungu ilikuwa na mali ya dola 285,000. Ya Wamarekani Weusi ilikuwa na dola 44,900.