Jina y1 Lina Mwenyewe

Napenda kuwaeleza somo nililolipata katika kuandika programu za kompyuta kwa lugha ya C++. Somo lenyewe ni la herufi moja na tarakimu moja tu, lakini nusura linivunjie urafiki.

Mwalimu wetu wa hesabu alitutuma, mimi na mwenzangu wa kidato cha pili, tutafute urefu wa seng'enge ya kuzungushia bustani ya shule. Mtunza stoo alikuwa aende mjini kuinunua siku ya Jumamosi. Tulizipima pembe za bustani, kisha tukaanza programu. Vipimo vya kila pembe mbili tuliviita x1, y1, x2 na y2, na majina hayo tukayaandika juu kabisa, nje ya kazi zote za programu. Siku ya Alhamisi programu ilivisoma vipimo vyote bila taabu. Jioni, nikiwa peke yangu, niliongeza hesabu ya urefu, na juu yake mstari mmoja, #include <cmath>, ili niipate sqrt, yaani kazi ya kutafuta kipeuo cha pili.

Asubuhi kompaila, ambayo hugeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine, ilikataa. Majina x1, x2 na y2 yalipita. Y1 peke yake lilikataliwa, eti limekwisha kuwa jina la kitu kingine. Nilimgeukia mwenzangu, nikamwambia mbele ya darasa kwamba ameiharibu kazi yetu. Alinijibu kwa upole, "Kaka, mimi sikugusa kitu." Sikumsadiki. Lakini nilipoufuta mstari wangu wa jioni pamoja na hesabu yake, y1 lilikubaliwa. Basi mkosaji nilikuwa mimi.

Sababu yake ni hii. Mstari wa #include huleta faili la vichwa, yaani orodha ya majina ya kazi zilizokwisha kutengenezwa na wengine. Nilitaka jina moja, sqrt, lakini yalikuja mengi. Chini ya cmath kuna faili la zamani la lugha ya C, math.h, na katika mifumo ya jamii ya Unix faili hilo lina kazi ziitwazo j0, j1, y0 na y1. Hizo ni kazi za Bessel, mtaalamu wa nyota wa Ujerumani aliyeishi 1784 hadi 1846. Kazi za namna hiyo hutumika, kwa mfano, kueleza jinsi ngozi ya ngoma ya duara inavyotetemeka. Kumbe y1 lilikuwa na mwenyewe!

Fikirini mabweni yetu. Kila bweni lina Yohana wake, wala hapana matata. Lakini mkiwaita uwanjani, "Yohana!", watasimama wawili. Kanuni ya C++ ya mwaka 1998 iliyapa majina ya maktaba bweni lao, liitwalo std, ili uwanja ubaki safi. Lakini watengenezaji waliona vigumu kuyazuia majina ya C yasitoke nje, na kanuni ya mwaka 2011 ikaruhusu cmath iyaweke uwanjani pia. Ndiyo sababu kufuta maneno using namespace std hakuponyi ugonjwa wa y1, ingawa ni desturi njema.

Dawa ni tatu. Kwanza, viweke vigeu ndani ya kazi inayovitumia, kama main. Humo y1 lako ndilo litakaloitika. Pili, jenga bweni lako mwenyewe, kwa mfano namespace bustani, uite bustani::y1. Tatu, chagua majina yenye maana, kama y_mwanzo.

Tena, mshukuruni kompaila anapokataa. Hatari zaidi ni anaponyamaza. Ikiwa uwanjani iko abs ya C tu, ile ya namba nzima, ukiipa -2.7 itakurudishia 2, na sehemu ya desimali imepotea. Kwa hiyo andikeni std::abs na kuleta cmath, mpate 2.7.

Ijumaa hiyo tulivihamisha vigeu ndani ya main. Tuliijaribu kwa pembe mbili, 10 na 20, kisha 40 na 60. Ikajibu 50, sawasawa na hesabu ya mkono. Mtunza stoo aliupata urefu wake kwa wakati. Lakini kabla ya hayo nilisimama mbele ya darasa lile lile, nikamwomba mwenzangu radhi, naye akanisamehe.

Ndugu zangu, programu ikikataa, utazameni kwanza mstari mlioongeza wenyewe, ndipo mtafute wa kumlaumu.