Tangi la Choo na Usalama wa Kisima

Katika nchi kavu kama Hulugho, kisima kikichafuliwa, kingine huwa mbali. Kipindupindu kilichozuka Dadaab mwaka 2015 kilionyesha hatari ya uchafu wa choo kuingia katika maji.

Basi mwenye tangi la choo na aelewe kazi yake. Uchafu mzito hutuama chini, mafuta huelea juu, na maji ya katikati hutoka kwenda shimo la kuyanyonya. Tope likifika theluthi moja ya tangi, liondolewe. Likiachwa, litatoka pamoja na maji na kuziba udongo wa shimo. Usimwage dawa kali, maana huua vijidudu viozeshavyo uchafu. Wala mtu asiingie tangini, hata likiwa tupu: hewa yake huua. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.