Waliosimama Hadi Saa Kumi na Moja

Somo: Mathayo 20:1–16

Nilipomaliza digrii yangu ya biashara, nilikaa miaka miwili bila kazi. Nikaanza kutoroka ibada kabla ya baraka, kwa sababu ya swali moja pale mlangoni: "Siku hizi uko wapi?"

Mwenye shamba alitoka mara tano. Wa saa kumi na moja walimwambia hakuna aliyewaajiri. Hakuwahubiria kuhusu uvivu, aliwapa kazi. Jioni wakapata dinari nzima, mshahara wa siku, maana watoto nyumbani hawali nusu.

Vijana wetu wana digrii, wana deni la HELB, na bado wako sokoni. Tusiwaambie tu "Mungu atafungua mlango" na ufunguo uko mfukoni mwako. Kama una duka, karakana au ofisi, wiki hii toka. Mpe mmoja hata miezi mitatu, na umlipe.

Kijana, mimi nilianza kwa kumwandikia hesabu mama mmoja wa mitumba hapa kanisani. Usitoroke.

Swali la wiki: Ni nani amesimama karibu nawe, na hujamwona?