Karatasi Iliyosema "Labda": Mafunzo Niliyopata

Mtoto wetu wa tatu alipoishiwa damu kwa mara nyingine, karatasi ya laboratwari iliandikwa "Emmel chanya". Tulipouliza kama basi ana drepano, yaani ugonjwa wa selimundu, tukajibiwa: labda. Hapa kwetu Mpofi, mashariki mwa Kongo, wazazi wengi wanaishi na "labda" hiyo. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Uliza umepewa kipimo gani. Emmel, kinachojulikana tangu 1917, huonyesha tu kwamba chembe nyekundu za damu hupinda kama mundu zikikosa oksijeni. Mwenye SS, ambaye ni mgonjwa, na mwenye AS, ambaye amebeba urithi huo kutoka kwa mzazi mmoja tu, wote wawili hutoka chanya. Elektroforezi, kipimo kingine cha laboratwari, ndiyo huwatenganisha, na kwetu maana yake ni kwenda Goma kupitia Masisi na Sake, kwenye barabara ambayo vita huifunga bila kumwarifu mtu.

2. Andika kwenye kadi tarehe ya kila damu aliyoongezewa. Chembe za aliyemtolea damu hukaa ndani ya mtoto kwa wiki nyingi na kuchafua jibu. Kwa kawaida hungojewa kama miezi 3 ndipo apimwe. Kwa mtoto mchanga pia Emmel hudanganya: bado ana hemoglobini aliyotoka nayo tumboni, hivyo anaweza kutoka hasi naye ni SS.

3. Baba naye apimwe. Hapa ndipo nilipoumia kuliko kwenye jibu lenyewe. Mtoto akisemwa ana drepano, ukoo mzima humgeukia mama. Mama mkwe aliniuliza mbele ya wageni damu hii mbaya imetoka kwetu upande gani. Baba watoto, aliyekuwa ameshapimwa, akamjibu: "Mama, hata miye niko nayo." Tangu siku hiyo maneno yalipungua nyumbani. Baba AS na mama AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto SS, na hakuna mzazi mmoja anayeweza kuleta drepano peke yake. Wala si laana. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba AS humkinga mtoto na malaria kali. Ndiyo maana urithi huu umedumu katika nchi zetu za mbu.

4. Mtunze kabla ya jibu. Chandarua kila usiku, maji ya kutosha, nguo za joto msimu wa baridi, chanjo zote. Homa ikipanda, kituo cha afya siku hiyo hiyo. Muulize mwuguzi kuhusu penisilini, ambayo watoto wa SS hupewa hadi miaka 5. Siku akionekana ni AS, hamtakuwa mmepoteza kitu.

5. Mheshimu mwuguzi anayesema hajui. Ni afadhali kuliko wale wanaojifanya wanajua na kuuza mizizi ya "kusafisha damu". Hakuna mzizi unaogeuza SS kuwa AA, yaani mtu asiye na urithi huo kabisa.

Siku hizi vipo vipimo vya haraka vya tone moja la damu, visivyohitaji umeme, vinavyotenganisha AA, AS na SS kwa dakika chache. Ninyi mnaopeleka dawa katika njia ya Masisi na Walikale, tuleteeni hivyo pamoja na vile vya malaria.